Siku 172 na siku 22: muchezo wa baseball unatuonyesha namna ya kuhesabu kazi yetu

Watoto wetu wa Kolwezi, wa Likasi na wa Lubumbashi hawapige tena mupira mu kiwanja tu. Wengi wao wanajua leo kuongoza ekipe muzima kwa kidole, mu telefone ao mu ordinatere. Wananunua muchezaji, wanauzisha mwingine, wanapanga nani ataanza na nani ataikala ku banki. Baba anarudi ku kazi ya usiku na vumbi ku nguo, anakuta mutoto wake wa miaka kumi na tano amekuwa direktere.

Watu wengi wanasema: ni muchezo tu. Sisi wa sendika tunasema: muangalie vizuri, wandugu. Kuko michezo yenye inaonyesha mambo ya kazi waziwazi, na ile yenye inayaonyesha kupita zote haiko ya football. Iko ya baseball, muchezo wa Marekani wenye wengi wetu hatuujue. Inaitwa Out of the Park Baseball. Mujerumani mumoja, Markus Heinsohn, njo alianzisha, na ilitoka mara ya kwanza katika mwaka wa 1999. Tangu pale inaendelea kutoka mupya, na wenye kuipenda wanaisifu juu ya kitu kimoja: inafanana na ukweli.

Ukweli gani? Mu ile muchezo haupige mupira. Kazi yako ni ya ofisi: kontra, mushahara, kuandika watu kazini, kuwaondoa. Na kwa kuwa walitaka ifanane na kazi ya kweli, walilazimika kutia ndani kanuni zenye sendika ya wachezaji ilipata kwa mapigano ya miaka mingi. Mutoto mwenye anacheza anagongana na zile kanuni kila saa. Anaziona kama ukuta, anajiuliza sababu gani hawezi kufanya vile anataka na muchezaji wake. Leo tunataka kumuambia, yeye na wazazi wake, nani alijenga ule ukuta.

KITI CHA PATRONI

Tueleze kwanza baseball kwa kifupi. Ekipe mbili, wachezaji tisa kila upande. Mumoja, mutupaji, anatupa mupira mudogo na mugumu. Mupigaji wa ekipe ingine anajaribu kuupiga na fimbo, kisha anakimbia kuzunguka pembe ine za kiwanja. Akizimaliza zote na kurudi kwenye alianzia, ekipe yake inapata pointi moja. Katika shampiona kubwa ya Marekani kuko ekipe 30, na kila moja inacheza mechi 162 kwa mwaka, kuanza mwisho wa mwezi wa tatu mupaka mwisho wa mwezi wa kenda. Ni kusema wanacheza karibu kila siku. Haifanane na football yenye iko na mechi moja ao mbili kwa juma. Inafanana zaidi na kazi ya mugodi: unaamuka, unaenda, na kesho tena.

Juu ya ile, kuchoka ni jambo kubwa sana. Mutupaji mwenye kuanza mechi anaweza kutupa mipira karibu 100, kisha anapumuzika siku ine ao tano mbele ya kurudi. Akilazimishwa, mukono unaharibika. Katika mwaka wa 1974, munganga Frank Jobe alipasua kiwiko cha mutupaji mumoja, Tommy John, akatia kano ingine mahali pa ile yenye ilikatika. Mupaka leo ile operasyo inaitwa kwa jina la Tommy John, na mara nyingi mutupaji mwenye kuipata anakaa zaidi ya mwaka mbele ya kurudi kiwanjani.

Mu muchezo wa ordinatere, yote hiyo iko ndani. Ukifungua jina la muchezaji, unaona namba: nguvu, mbio, uhakika wa mukono, kwa kipimo cha 20 mupaka 80, kile wenye kutafuta vijana wa baseball wanatumia kwa kweli. Unaona amechoka kiasi gani. Unaona kama anaumia upesi ao hapana. Unaona mushahara wake na siku ya mwisho ya kontra yake. Juu yako kuko mwenye ekipe. Anakupatia kiasi cha franka, anakuambia vile anangojea kwako. Ukikosa kumupatia, anakufukuza na weye.

Mutoto akiikala mu kile kiti, anajifunza mambo mawili kwa haraka.

Jambo la kwanza: mutu amekuwa mustari mumoja wa namba. Unagusa kidogo, na mwanaume wa miaka 31 anatoka Boston anaenda Seattle, ngambo ingine ya inchi. Mu ile meza hauone muke wake mwenye anafunga mizigo, wala mutoto wake mwenye anaacha masomo katikati ya mwaka. Hatulaumu wenye kutengeneza. Walionyesha vile meza ya direktere inafanana kwa kweli, na ku meza ya direktere muke na watoto hawaonekane.

Jambo la pili linatugusa zaidi. Ile ordinatere inahesabu uchovu. Ukituma mutupaji akiwa amechoka, anatupa vibaya, na anaweza kuumia. Anakaa ku lupitali na unaendelea kumulipa. Basi direktere mwenye akili anamupumuzisha, hata kama hana huruma hata kidogo. Ni hesabu tu: ule mutu ni wa bei kali, na kontra yake inalinda mushahara wake hata akiumia.

Wandugu wa mugodi, munajua kama kamyo kubwa ya kubeba udongo iko na saa yake ndani. Ikifikisha masaa yake ya kazi, inasimamishwa, inabadilishwa mafuta, inaangaliwa miguu. Hakuna mwenye kubishana. Lakini mwenye kuiendesha, masaa yake ya kweli yanaandikwa na nani? Na nani anaamua kama amechoka? Muchezo wa watoto unaonyesha kama uchovu wa mutu unaweza kuhesabiwa. Unahesabiwa pale kuumia kwa mutumikaji kunamugarimu patroni franka nyingi. Kontra ya watupaji ndiyo ilifanya vile, na ile kontra haikuanguka toka mbinguni.

WAKATI MUCHEZAJI ALIKUWA MALI

Out of the Park inakuachia kuchagua mwaka wa kuanza. Unaweza kurudi mupaka mwaka wa 1871. Ukirudi zamani na ukichagua kufuata kanuni za ule wakati, utaona kazi ya direktere inakuwa mwepesi sana. Muchezaji mwenye ameisha kuandikwa katika ekipe yako anabaki wako. Mwaka unaisha, unamupatia karatasi ya mushahara yenye weye unapenda. Akikataa, hana kwenye anaweza kwenda: ekipe zote zingine zimekatazwa kumuandika. Anaweza tu kuacha baseball na kutafuta kazi ingine.

Haikutungwa na wenye muchezo. Njo ilikuwa maisha ya kweli ya wachezaji kwa karibu miaka mia moja. Mu kontra ya kila muchezaji kulikuwa maneno yenye kupatia ekipe haki ya kurudilia kontra mwaka mumoja tena, hata kama muchezaji hakutia sinyatire. Na wapatroni walisoma yale maneno hivi: mwaka mumoja, kisha ule mwaka mwingine unazaa mwingine, na mwingine, bila mwisho.

Mutu mwenye alisaidia kuvunja hiyo alitoka kwa watu wenye kufanana na sisi. Jina lake ni Marvin Miller. Alikuwa mutaalamu wa hesabu za uchumi katika sendika ya watumikaji wa chuma ya Marekani, watu wa tanuru na wa viwanda vya kuyeyusha. Katika mwaka wa 1966, wachezaji wa baseball walimuchagua aongoze sendika yao. Wapatroni waliwaambia wachezaji kama watu wa chuma wataharibu baseball. Wachezaji walimuchagua vilevile.

Miller hakuanza na mugomo. Alianza na kuuliza. Alienda kwa kila ekipe, akasoma kontra pamoja na wachezaji. Wakati ule mushahara wa chini ulikuwa dola 6 000 kwa mwaka. Katika mwaka wa 1968, kontra ya kwanza ya wote pamoja iliupandisha mupaka 10 000. Katika mwaka wa 1970 alipata kitu chenye hakikupigiwa kelele mu magazeti: mabishano juu ya kontra yatapelekwa mbele ya muamuzi wa inje, mwenye hatumikie patroni peke yake. Mbele ya pale, mukubwa wa baseball, mwenye kulipwa na wapatroni, njo alikuwa anaamua.

Kwa wakati uleule kulikuwa Curt Flood. Alicheza miaka 12 katika ekipe ya St. Louis. Mwezi wa kumi wa mwaka wa 1969 aliuzishwa Philadelphia bila kuulizwa. Alikataa. Alimuandikia mukubwa wa baseball barua ya kusema kama yeye haiko mali ya kununua na kuuzisha, kisha akaenda tribinali. Katika mwaka wa 1972, Tribinali Kubwa ya Marekani ilimukatalia, waamuzi 5 juu ya 3. Kazi yake ya muchezaji ilikuwa imeisha. Lakini wachezaji wengine walikuwa wamefungua macho.

Miaka mitatu kisha, watupaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walipitia mulango wa Miller. Messersmith alicheza mwaka muzima wa 1975 bila kutia sinyatire. McNally, yeye, alikuwa ameisha kuacha kucheza, lakini alikubali jina lake libaki ku karatasi kusudi wapatroni wasizime mabishano kwa kumupatia Messersmith franka nyingi. Muamuzi Peter Seitz alisoma maneno ya kontra vile yaliandikwa: mwaka mumoja ni mwaka mumoja. Kisha pale mutu yuko huru. Ilikuwa tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili 1975. Wapatroni walimufukuza Seitz paleple, lakini uamuzi ulibaki.

Katika Out of the Park, hiyo yote ni alama moja ndogo mu ukurasa wa kanuni: wachezaji huru, ndiyo ao hapana. Mutoto anagusa, anaendelea. Nyuma ya ile alama kuko mutu mwenye alipoteza kazi yake, na mwingine mwenye aliacha jina lake ku karatasi bila kutafuta faida yake mwenyewe.

SIKU MOJA YENYE ILIKOSA

Kisha Seitz, pande mbili zilikaa chini, na katika mwaka wa 1976 walipatana: muchezaji anakuwa huru akimaliza miaka sita ya kazi. Miller hakukataa ile miaka sita. Alijua hesabu ya soko. Kama wachezaji wote wanakuwa huru kwa siku moja, bei ya kila mumoja inaanguka. Kama kila mwaka ni wachache tu, wapatroni wanawapigania.

Lakini mwaka wa kazi ni siku ngapi? Hapa ndipo namba yetu inaingia. Mwaka wa mechi uko na siku karibu 187. Kontra inasema: mwenye amekaa siku 172 ku shampiona kubwa anahesabiwa mwaka muzima. Mwenye yuko na 171 hana mwaka.

Kila mutu mwenye anacheza Out of the Park kwa akili anajua ile hila. Uko na kijana hodari. Usimupandishe mwanzoni mwa mwaka. Umuache mu shampiona ndogo majuma mawili, ao zaidi kidogo. Kisha umuite. Atacheza karibu mwaka muzima, atakupatia ushindi, lakini atakosa siku moja ao mbili, na utamushika mwaka mumoja zaidi.

Ilifanyika kwa kweli. Katika mwaka wa 2015, ekipe ya Chicago Cubs ilikuwa na kijana Kris Bryant. Mu mechi za kujitayarisha alipiga kupita wote. Walimurudisha chini, wakasema anapaswa kwanza kujifunza kulinda vizuri. Walimuita tarehe 17 mwezi wa ine. Mwisho wa mwaka alichaguliwa kuwa muchezaji mupya hodari wa shampiona yao, na ku hesabu alikuwa na siku 171. Alipeleka mashitaka kwa njia ya sendika. Mwanzo wa mwaka wa 2020 muamuzi alimukatalia, na alingojea uhuru wake mupaka mwisho wa 2021. Lakini katika kontra mupya ya 2022, sendika ilitia kanuni: kijana mwenye kuwa wa kwanza ao wa pili katika kura ya wachezaji wapya anapewa mwaka muzima, hata kama siku zake hazitimie. Bryant alishindwa. Wenye kumufuata walipata.

Ndugu musomaji, kama hii habari inafanana na kitu chenye unajua, haujakosea. Na sisi tuko na namba yetu. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, katika artikle ya 40, inasema juu ya mutumikaji wa siku kwa siku, ule tunaita jurnaliye: akiisha kufanya siku 22 za kazi katika muda wa miezi mbili, na akiandikwa tena mbele ya ile miezi mbili kuisha, kontra yake mupya inahesabiwa kuwa ya wakati usio na mwisho. Haiombe karatasi mupya ya patroni. Sheria yenyewe inaihesabu vile.

Sasa mujiulize sababu gani mutumikaji anaweza kuambiwa siku ya 20 ao ya 21: pumuzika kwanza, tutakuita. Mwenye kuambiwa vile anazania kazi imepunguka. Pengine imepunguka kweli. Lakini direktere wa Out of the Park, mutoto wa miaka kumi na tano, ataelewa upesi kupita sisi wazee, kwa kuwa yeye alifanya ile hesabu jana na muchezaji wake.

MAJINA YENYE KUKOSEKANA

Kuko jambo lingine lenye michezo ya baseball inaonyesha, na lenye linapendeza watu wa sendika. Kusudi muchezo wa ordinatere uwe na majina ya wachezaji wa kweli, hauombe kila mutu peke yake. Unaomba ruhusa kwa sendika yao. Majina ya ekipe na alama zao, unaomba kwa shampiona. Ni milango mbili.

Ile mulango wa sendika ni Miller tena. Alipofika, kampuni Topps, yenye kuuzisha picha za wachezaji pamoja na chewing-gum, ilikuwa inalipa kila mumoja dola 125 kwa mwaka, hata kama inauzisha ngapi. Miller aliomba wachezaji wakatae kupigwa picha, wote pamoja. Topps ilikuja ku meza. Malipo yalipanda mupaka dola 250, na juu yake sehemu ya franka zenye kuingia. Kutoka pale sendika iliuzisha majina kwa pamoja, na franka zake zilisaidia kuweka akiba ya siku ya mugomo.

Michezo ya zamani inaonyesha zile milango mbili. R.B.I. Baseball, yenye ilitoka Marekani katika mwaka wa 1988, ilikuwa na ruhusa ya sendika bila ile ya shampiona: majina ya wachezaji ni ya kweli, lakini ekipe zinaitwa tu kwa miji yao. Katika mwaka wa 1994 kulitoka muchezo ingine yenye jina la Ken Griffey Jr. Ile ilikuwa na ruhusa ya shampiona bila ya sendika: ekipe zote za kweli, na Griffey peke yake njo mutu wa kweli. Wengine wote walipewa majina ya kutunga.

Mwaka uleule wa 1994, tarehe 12 mwezi wa munane, wachezaji waliingia mugomo. Wapatroni walitaka kuweka kipimo cha mwisho cha mishahara. Mugomo ulidumu siku 232, na mechi za mwisho za kutafuta mushindi wa mwaka hazikuchezwa. Mwanzo wa 1995, wapatroni waliandika wachezaji wengine kuingia mahali pa wagomaji. Wale walifanya mazoezi na mechi za kujitayarisha. Kisha muamuzi Sonia Sotomayor, mwenye leo yuko ku Tribinali Kubwa, aliamuru wapatroni warudilie kanuni za zamani, na mugomo ukaisha.

Wenye kuvunja mugomo, sendika haikuwapokea tena. Kisha miaka, wengine walikuwa wachezaji wakubwa, lakini majina yao hayakuingia mu michezo yenye ruhusa ya sendika. Kevin Millar alishinda shampiona na Boston katika mwaka wa 2004. Mu MVP Baseball ya 2005, mahali pake kuko mutu mwenye jina la kutunga.

Kuko wenye watafurahi na hiyo habari na kuishia pale. Sisi tunaomba muendelee kusoma.

WALE WA CHINI

Wale wavunja-mugomo wa 1995 walitoka wapi? Wengi walitoka mu shampiona ndogo. Chini ya kila ekipe kubwa kuko ekipe zingine zenye kulea vijana. Mu Out of the Park unaziongoza pia: unamupandisha huyu, unamushusha yule. Vijana wale walivaa nguo ya ekipe, walitumikia patroni mumoja na wakubwa, lakini hawakuwa mu sendika. Mushahara wao ulikuwa kiloko sana. Siku patroni alikuja kuwaambia: ingia, nafasi iko, walikuwa na njaa, na hakuna mwenye aliwahi kuwaita ndugu.

Ilichukua miaka mingi kusudi ile ibadilike. Katika mwezi wa kenda 2022, wengi wa wale vijana, hesabu yao karibu 5 500, walitia sinyatire ku karatasi za sendika, na sendika ya wakubwa iliwafungulia mulango. Katika mwezi wa tatu 2023 walipata kontra yao ya kwanza. Wa daraja ya chini kabisa walikuwa wanapata dola 4 800 kwa mwaka: zilipanda mupaka 19 800. Wa daraja ya juu walitoka 17 500 mupaka 35 800. Hawakufanya hata siku moja ya mugomo. Walijihesabu, wakaonyesha hesabu.

Katika migodi yetu, tunajua wale wa chini ni nani. Ni wale wenye kuletwa na kampuni ya katikati, mu sutretansi. Wanavaa kofia ya rangi ingine, wanashuka mu shimo lilelile, wanapumua vumbi lilelile, na karatasi yao ya mushahara haifanane na ya mwingine. Mwenye yuko na kontra ya kampuni kubwa anaweza kujiambia: ile haiko shida yangu. Siku atasimamisha kazi, ataona nani ameitwa kuchukua mahali pake. Kwa hiyo tunasema ku kila mukutano: delege mwenye hajue majina ya watu wa sutretansi wenye wanatumika pembeni yake, ajue kwanza yale majina, kisha aongee juu ya mugomo.

KAYE NA BIKI

Wazazi wanatuuliza kama wakataze watoto hii michezo. Masomo na kulala vibaki mbele, ile haina mabishano. Lakini mutoto mwenye ameisha kucheza, msimunyanganye tu telefone. Mumuulize maswali. Ule muchezaji ulimuuzisha, aliulizwa? Sababu gani haukumupandisha yule kijana mwanzoni mwa mwaka? Mutupaji wako akiumia, nani analipa? Atajibu vizuri kupita vile munazania, kwa kuwa anajua kile kiti kutoka ndani. Kisha mumuonyeshe karatasi ya mushahara ya baba ao ya mama, na mumuombe asome siku zenye kuandikwa pale. Vijana wetu wanajua namba. Wasaidie nyumba yao nazo.

Na wewe mutumikaji, usingojee ordinatere. Nunua kaye na biki. Kila siku ya kazi andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la kampuni yenye ilikuleta na jina la shefu mwenye alikupokea. Ukiumia, andika siku na mahali, na nani alikuwa pale. Mama wa nyumba anaweza kuishika ile kaye kama mume amechoka. Wamama wengi wanahesabu siku vizuri kupita sisi. Mwisho wa mwezi, linganisha na karatasi ya mushahara. Kama hesabu hazipatane, usipige kelele ku mulango wa ofisi peke yako. Lete kaye kwa delege wako, na umulete ndugu wa sutretansi pamoja na yake.

Jurnaliye mwenye leo yuko ku siku ya 19, aanze kuandika leo.